Nilichora kijitabu, sasa michoro yangu iko kwenye fulana: nina haki gani Uganda?

*"Mimi ni mchoraji, ninaishi Jinja. Mwaka jana shirika moja la maji na usafi lilinipa kazi ya kuchora picha 12 za kijitabu cha shule za msingi, kwa Kiswahili na Lusoga. Tulipatana kwa WhatsApp, hatukutia saini mkataba wowote. Nilifanya kazi wiki sita, afisa wao akinirudishia michoro mara nne, na nikalipwa shilingi 600,000. Mhusika mkuu ni mtoto wa korongo aliyevaa mabuti ya mpira, ambaye nilikuwa nikimchora kwenye daftari langu tangu nikiwa chuoni. Mwezi uliopita nilimwona kwenye fulana, kalenda na bango la barabarani. Amevuliwa skafu niliyomchorea na kuvikwa kofia yenye nembo ya mfadhili, na jina langu halipo popote. Nilipouliza nikajibiwa, 'Sisi si tulikulipa?' Wenzangu wanasema kwa sheria hakimiliki ni ya mchoraji siku zote, niwashtaki. Mwingine ananishauri nijitumie michoro yangu kwa posta ili muhuri uwe ushahidi. Baba mdogo anasema kazi hii haina faida, nirudi dukani kwake. Nina haki gani, na kazi ijayo nifanyeje bila kumfukuza mteja?"*

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kulieleza jambo lako kwa ukamilifu. Umetaja kiasi, muda, njia mliyopatania na historia ya mhusika wako, na kila kimoja katika hivyo kinabadilisha jibu. Mimi ni mchoraji wa vitabu ninayewasimamia pia wachoraji wengine, wala si wakili. Nitakueleza yale ambayo mchoraji anapaswa kuyajua kabla ya kuingia katika ofisi ya wakili, pamoja na dalili za kukuonyesha kwamba wakati wa kuingia umefika.

Katika barua yako kuna mambo matatu yaliyofungwa pamoja, nami naomba tuyafungue. Lipo la matumizi: kazi iliyoagizwa kwa ajili ya kijitabu imekwenda mpaka kwenye fulana, kalenda na bango. Lipo la jina: hukutajwa. Na lipo la korongo mwenyewe: amebadilishwa bila wewe kuulizwa. Wachoraji wengi huyakusanya yote katika neno moja, wizi, kisha hupoteza hata lile ambalo wangelipata kwa barua moja ya heshima. Haki zako hazilingani katika mambo haya. Kwa la kwanza uko mahali pagumu kuliko wenzako wanavyokuambia, na kwa mengine mawili uko mahali pazuri kuliko unavyodhani.

Wenzako hawakudanganyi kwa kusudi. Wanarudia yanayosomwa kwenye intaneti, ambayo mengi yaliandikwa kwa ajili ya wachoraji wa Uingereza na Marekani. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1988, mchoraji asiyeajiriwa hubaki na hakimiliki ya kazi aliyoagizwa mpaka aihamishe mwenyewe kwa maandishi. Marekani, sheria ya mwaka 1976 huruhusu kazi ya kuagizwa ihesabiwe kuwa mali ya aliyeagiza tangu mwanzo katika aina tisa tu za kazi, na hata hapo sharti pande zote mbili ziwe zimetia saini. Kwetu Uganda mpangilio umegeuka. Sheria ya Hakimiliki na Haki Zinazoambatana Nayo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 8 kwa hesabu ya sheria ilipotungwa, inasema kwamba mtu akitunga kazi akiwa ameajiriwa, au akiwa ameagizwa na mtu au taasisi nyingine, hakimiliki inakuwa ya mwajiri au ya aliyeagiza, ikiwa hakuna mkataba unaosema vinginevyo. Kazi inayofanywa chini ya maelekezo ya Serikali nayo huwa ya Serikali, isipokuwa mmekubaliana tofauti.

Najua maneno hayo yanauma. Abiria aliyelipa nauli ya bodaboda kutoka Jinja mjini hadi Bugembe hawezi kushuka akadai pikipiki ni yake, na kila mchoraji huhisi moyoni kwamba kazi yake nayo iko hivyo, yaani mteja amelipia safari moja tu. Lakini sheria yetu, mkinyamaza nyote wawili, humkabidhi abiria pikipiki. Kwa hiyo lile swali la afisa, "Sisi si tulikulipa?", hata kama lilitamkwa kwa ukavu, lina mahali pa kusimama kisheria. Mlango wako uko katika kile kipande cha mwisho cha kifungu, kile kinachozungumzia mkataba unaosema vinginevyo. Je, mlikuwa nao?

Hapa usikimbilie kujibu kwamba hapakuwa na mkataba kwa sababu hapakuwa na karatasi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wa thamani inayozidi pointi 25 za fedha, ambazo ni shilingi 500,000, uwe wa maandishi, na wa kwako ulikuwa wa 600,000. Sheria hiyohiyo inakubali kuwa maandishi yanaweza kuwa ujumbe wa kielektroniki, mradi uwe wa maneno na uweze kufunguliwa na kusomwa tena baadaye. Mazungumzo yenu ya WhatsApp basi ni jambo zito. Yafungue uyasome tangu ujumbe wa kwanza, ukitafuta sentensi zinazotaja kazi ilikuwa ya nini. Kama afisa aliandika kwamba michoro ni ya kijitabu tu, au wewe uliandika kwamba bei hiyo ni ya kijitabu naye akajibu sawa, hapo kuna hoja nzuri kwamba mlikubaliana mpaka. Kama aliandika tu kwamba wanahitaji picha 12 za kijitabu, hoja ipo lakini ni nyembamba, kwa kuwa kutaja kusudi la kazi na kuzuia matumizi mengine ni mambo mawili tofauti. Na kama uliwahi kuandika kwamba michoro ni yenu, itumieni mpendavyo, ni afadhali ulijue hilo wewe kwanza kabla halijasomwa na wakili wao. Hifadhi mazungumzo hayo nje ya simu leo hii, maana simu hupotea, na usifute chochote, hata ujumbe unaokuaibisha.

Sasa nije kwa korongo, kwani kwa maoni yangu ndiye aliyebeba uzito wa jambo hili zima. Kifungu kile kinahusu kazi iliyotungwa kwa kuagizwa. Michoro uliyoichora kwenye daftari ukiwa chuoni hakuna aliyekuagiza. Hakimiliki yake ilikuwa yako tangu ulipoiweka kwenye karatasi, na haikuhama kwa sababu tu mhusika huyo alionekana baadaye katika kazi ya mteja. Shirika linaweza kudai zile picha 12. Kudai korongo mwenyewe, kama alivyo daftarini mwako, ni safari ndefu zaidi kwao. Ila ujue mpaka wa haki hii: sheria hailindi wazo. Mchoraji yeyote anaweza kumchora mtoto wa korongo aliyevaa mabuti, hasa katika nchi ambayo korongo yuko kwenye bendera yake. Kinacholindwa ni namna yako mwenyewe ya kumchora: ule ushungi ulivyoinama, macho, urefu wa shingo ukilinganishwa na mabuti, mstari wako. Ndiyo maana daftari lako lina thamani kubwa kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na tarehe kama uliziandika, kisha uliweke mahali pakavu. Kama uliwahi kumtuma korongo huyo kwa rafiki au kumweka kwenye ukurasa wako wa mtandaoni kabla ya kazi hii, hifadhi na ushahidi huo.

Mhusika anayependwa hutembea. Wasomaji wa umri wangu wanamkumbuka Bogi Benda, aliyetungwa na Mganda James Tumusiime na kusomwa katika gazeti la Kenya. Watu walimjua kwa jina na kwa umbo kama wanavyomjua jirani. Mtu wa namna hiyo hauzwi kwa bei ya picha moja moja, na mchoraji anayekwenda kwa mteja akiwa na mhusika aliyekwisha kumtunga anapaswa kusema mapema, kwa maandishi, kwamba mhusika ni wake na mteja anapewa ruhusa ya kumtumia katika kazi iliyotajwa.

Upande wa jina na mabadiliko una nguvu yake ya pekee. Sheria ya 2006 inatenganisha haki za kiuchumi, zinazoweza kuuzwa au kukodishwa, na haki za kimaadili za mtunzi, ambazo hubaki kwake hata pale hakimiliki ilipokwenda kwa mwingine. Mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyetunga, ya jina lake kutajwa kazi inapotumika isipokuwa pale jambo hilo lisipowezekana kiutendaji, na ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kugeuzwa. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba shirika lina hakimiliki ya picha 12, haifuati kwamba lilikuwa na ruhusa ya kumvua korongo skafu na kumtangaza mfadhili kichwani mwake bila kukuuliza. Watasema kwamba kwenye fulana hapakuwa na nafasi ya jina, na pengine watasikilizwa. Kwenye kalenda na bango hoja hiyo ni dhaifu, maana nafasi ilikuwapo ya kutosha.

Naomba niingie kidogo katika ufundi, kwa sababu ninadhani najua skafu ilivyoondoka. Mtu hawezi kuivua skafu iliyoshikana na shingo kwa rangi na vivuli bila kuacha kovu, labda awe na uvumilivu mwingi. Ikiwa imeondoka safi, huenda uliwapa faili asilia lenye matabaka yake: mistari katika tabaka moja, rangi katika jingine, skafu katika la tatu. Fundi yeyote hulifungua, akazima tabaka moja na kupachika kofia, kazi ya dakika chache. Faili asilia ni mali ya kuuzwa kando au kutouzwa kabisa. Mteja wa kijitabu anahitaji picha iliyounganishwa kuwa kitu kimoja, yenye nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa ule wa ukurasa wake, basi. Faili la ukubwa huo likivutwa mpaka kuwa bango la barabarani huonyesha ukungu na kingo zilizovunjika, nalo hilo peke yake humlazimu mteja akurudie. Wakati wa rasimu mpelekee picha ndogo zenye jina lako katikati, na lile faili kubwa litoke malipo yakishaingia. Ukumbuke pia kwamba faili lako likishafika kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala, hubaki kwenye kompyuta usiyoijua, na anayelikuta huko hana sababu ya kujua mlipatana nini.

Kuhusu kujitumia michoro kwa posta, uache. Muhuri wa posta hauna hadhi yoyote ya pekee katika sheria yetu, na bahasha inaweza kutumwa ikiwa wazi na kujazwa baadaye. Hakimiliki huanza kazi inapowekwa katika umbo linaloonekana, bila usajili wala ada. Hata hivyo usajili upo na unafaa: unafanyika katika Idara ya Huduma za Usajili ya Uganda, URSB, na cheti chake ni ushahidi ambao upande wa pili hauwezi kuupuuza kirahisi. Sikushauri usajili kila mchoro. Korongo nakushauri umsajili, kwa kutumia kurasa za daftari, kabla mtu mwingine hajafikiria kufanya hivyo.

Ufanye nini sasa? Kushtaki kunawezekana, nami sitakuambia kwamba ni jambo la mwendawazimu. Lakini mashauri ya hakimiliki hupelekwa katika Mahakama ya Biashara, huhitaji wakili, fedha na muda, na hoja yako juu ya matumizi ina tundu tulilokwisha kuliona. Kukaa kimya nako kuna gharama, kwani mwakani korongo atakuwa kwenye mikoba na chupa za maji, na kila mwaka unaopita katika ukimya utaonekana kama ridhaa. Mimi ningeanza na barua, iliyoandikwa kwa adabu, isiyo na neno wizi wala tishio, ikipelekwa kwa mkurugenzi au meneja wa mawasiliano badala ya yule afisa, ambaye huenda hana hata mamlaka ya kukujibu. Inaweza kusomeka hivi:

"Nimefurahi kuona michoro niliyowachorea imewafikia watu wengi kupitia fulana, kalenda na mabango. Katika mazungumzo yetu, ambayo nakala yake nimeambatisha, kazi niliyoombwa ilikuwa ya kijitabu. Mhusika korongo nilimtunga kabla ya kazi hiyo, na michoro yake ya mwanzo ninayo. Ninaomba mambo matatu: jina langu liwekwe katika chapa zote zijazo, mabadiliko yoyote ya mhusika yapitie kwangu, na tukubaliane kwa maandishi ada ya matumizi yaliyozidi kijitabu na ya matumizi yajayo. Niko tayari kufika ofisini kwenu siku itakayowafaa."

Angalia mpangilio wa maombi hayo. Jina linatangulia kwa sababu haliwagharimu kitu na sheria imeliweka upande wako. Mtu akishakubali la kwanza huwa amekubali kwamba una haki fulani, na mazungumzo ya la tatu huwa mepesi. Mashirika yanayopokea fedha za wafadhili huogopa sana sifa ya kumdhulumu msanii wa mahali yanapofanyia kazi. Woga huo uache ufanye kazi wenyewe kimyakimya. Ukiutangaza mtandaoni kabla hawajajibu, barua yako itahamishiwa kwa wakili wao, na tangu hapo utazungumza na mtu anayelipwa kukukatalia.

Kwa kazi ijayo, maneno unayoyahitaji ni machache kiasi cha kuingia katika ujumbe mmoja wa simu. Kabla hujanoa penseli, andika: "Malipo haya ni ya kutumia michoro 12 katika kijitabu kimoja, kwa Kiswahili na Lusoga, nakala zisizozidi 5,000, ndani ya Uganda, kwa miaka 2. Hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Matumizi mengine yatakubaliwa na kulipiwa kando. Jina la mchoraji litatajwa. Masahihisho ni mara mbili, yanayozidi yatalipiwa. Nusu ya malipo ni kabla ya kazi kuanza." Kisha umwombe mteja ajibu kwamba amekubali. Jibu hilo moja linaziba lile pengo ambalo sheria hulijaza kwa faida yake. Kwa kazi kubwa weka karatasi na saini, hasa mahali unapotoa ruhusa ya hakimiliki au kuiuza.

Unaogopa kwamba mteja atakimbia. Wapo watakaokimbia, na sitakuficha kwamba katika mji mdogo kumpoteza mteja mmoja kunaonekana mezani. Lakini nimeona kwamba mteja anayestuka huwa anastuka kwa bei, mara chache kwa masharti, na bei ina njia nyingi za kushuka bila wewe kudhulumika. Akisema fedha ni chache, punguza unachotoa: picha nane badala ya 12, rangi moja badala ya rangi kamili, mwaka mmoja badala ya miwili. Ukipunguza shilingi peke yake na kumwachia yote mengine, umemfundisha kwamba bei ya kwanza ulibuni.

Nayo bei tuitazame kwa karibu. Shilingi 600,000 kwa picha 12 ni 50,000 kwa picha, nayo ukiisikia hivyo inavumilika. Igawe kwa wiki sita na utapata 100,000 kwa wiki, na humo hujatoa bando, umeme, nauli za kwenda kuwaona, na zile siku ulizorudia kuchora mara ya tatu na ya nne. Hesabu ianze upande wa pili: unahitaji kiasi gani kwa wiki ili uishi na zana zako ziendelee kufanya kazi? Tuseme, kwa mfano tu, ni 250,000. Wiki sita ni 1,500,000, na hiyo ni sakafu ya kazi ya mikono kwa kijitabu pekee. Fulana, kalenda na bango huongezwa juu yake, kwa kadiri ya idadi, muda, na kama bidhaa hizo zinauzwa au zinagawiwa bure. Malipo yakizidi 1,000,000 na mteja akiwa miongoni mwa waliopewa jukumu la kukata kodi ya zuio, atakata asilimia 6, yaani 90,000 katika mfano huu. Mdai cheti chake, kwa kuwa fedha hiyo huhesabiwa katika kodi yako ya mwaka, nawe utahitaji namba yako ya mlipa kodi, TIN, ili unufaike nayo.

Yuko pia mteja atakayetaka kununua kila kitu, hakimiliki na faili asilia, milele. Si dhambi kumuuzia. Nembo ya kampuni, kwa mfano, ni haki mwenye kampuni aimiliki yote. Jambo la kuangalia ni kuuza kwa macho wazi na kwa bei ya kuuza. Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130, kwa saini zao wenyewe. Miaka mingi ya kudai mahakamani haikuwarudishia mhusika wao. Mwaka 1975, baada ya wachoraji wenzao kupaza sauti hadharani, kampuni iliyommiliki ilikubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye kazi. Kilichowaumiza ni karatasi fupi waliyoitia saini wakiwa na haja ya fedha, na wengi wetu huzitia saini zetu katika hali hiyohiyo.

Baba yako mdogo usimwone adui. Ameona wiki sita za kazi zikilipa kile ambacho duka pengine hulipa kwa muda mfupi zaidi, na kwa hesabu ile ana haki. Mimi simwungi mkono kwamba uache kuchora, ila sioni aibu yoyote katika kukaa dukani nusu ya siku. Jimmy Spire Ssentongo ni mhadhiri wa falsafa Makerere, na wakati huohuo ni mmoja wa wachora katuni wanaosikilizwa sana nchini; mwaka 2023 ndiye aliyeongoza yale maonyesho ya mashimo ya barabarani kwenye mitandao, yaliyoifanya nchi nzima ipige picha barabara zake. Mshahara wa mahali pengine haukuidhoofisha kalamu yake. Mchoraji mwenye kipato kidogo cha uhakika anaweza kumwambia mteja mbaya hapana, na mwanzoni hiyo ndiyo nguvu inayopungua kwetu kuliko kipaji. Tena kazi ipo: mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulihitaji vitabu vipya, na tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, vitabu vya watoto vya Kiswahili vyenye picha zinazofanana na mazingira yetu vinatafutwa. Anayejua Kiswahili na Lusoga na kuchora ana soko ambalo mchoraji wa mbali hawezi kulihudumia vizuri.

Kumwona mtu ana kwa ana usichelewe katika hali hizi: shirika likikujibu kwa barua ya wakili, likikuletea karatasi ya kutia saini, hata kama imeambatana na fedha, hasa ikiwa na maneno kama kuachilia haki zote, ukigundua kwamba wanataka kumsajili korongo kwa jina lao au kuwa alama ya biashara, au zikipita wiki kadhaa bila jibu. Tafuta wakili anayeshughulika na haki miliki, na umwulize kwanza ada ya mashauriano ya mara moja. Ukikosa uwezo, Chama cha Mawakili cha Uganda kina mpango wa msaada wa kisheria ambao umekuwa na ofisi Jinja. Maswali ya usajili yapeleke URSB, ambao maofisa wake huwaeleza wasanii utaratibu.

Kama tatizo lingekuwa mteja kukataa kulipa ada mliyopatana, njia ingekuwa nyingine na nyepesi: utaratibu wa madai madogo mahakamani hupokea madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, na huko unajieleza mwenyewe bila wakili. Ushikilie hilo kwa siku za mbele, lakini suala la korongo lisipelekwe huko.

Siku ya kwenda kwa wakili chukua daftari lenyewe, nakala zilizochapwa za mazungumzo yote tangu ujumbe wa kwanza, kumbukumbu ya malipo, nakala ya kijitabu, na picha za fulana, kalenda na bango zikionyesha mahali na tarehe ulipoziona. Bango lipige picha wiki hii, maana mabango hubanduliwa.